Mistari Niliyoinyoosha

Kabla sijaandika neno la kumlaumu mtu, niseme kwanza kwamba kosa nililifanya mimi, kwa mikono yangu, asubuhi, nikiwa nimeshiba chai na sina haraka yoyote. Nimejaribu mara kadhaa kulieleza kwa namna nyingine na kila mara linarudi hapo.

Mimi ni karani wa chama cha wachimbaji wadogo, huku upande wa Runzewe. Nimezaliwa Kishapu, nikasoma hadi kidato cha pili, basi. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao na kutunza daftari la maduara. Duara ndilo shimo la dhahabu, na kila duara lina jina lake na kiongozi wake. Kompyuta niliikuta ukubwani, na mpaka leo nikiishika nahisi kama nimeshika kitu cha watu.

Jambo lenyewe linahusu baruti. Jiwe likiwa gumu, duara hulipuliwa, na majirani wanatakiwa wawe nje. Zamani habari ilipelekwa kwa mdomo. Mtu anakimbia duara hadi duara akipiga kelele, “Tokeni, wanalipua!” Siku moja mtu alikwenda duara la Mkuyuni akasema hivyo hivyo, watu wakatoka, baruti haikulia. Waliporudi chini walikuta mawe yao mazuri yamebebwa. Kukawa na ugomvi karibu watu wachinjane. Kikao kikaamua: habari ya baruti kwa mdomo haihesabiwi tena. Itakayohesabiwa ni meseji ya chama peke yake. Uamuzi huo niliuandika mimi, nikausoma mbele ya watu, wakapiga makofi.

Mfumo wa meseji tulitengenezewa na binti mmoja aliyekulia Mwadui, kwenye nyumba za mgodi wa almasi. Alikuja kwetu akiwa chuoni, akatuonea huruma. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao sidhani kama ningekuwa nao mimi. Kuna faili moja, alisema linaitwa YAML, lina orodha ya maduara, na chini ya kila duara kuna namba ya kiongozi na saa ya kulipua. Nikibadilisha saa nahifadhi, natuma, faili linapanda mtandaoni. Huko kuna programu inalikagua mstari kwa mstari. Yeye aliiita kwa jina la kizungu, mimi nikaiita mkaguzi. Mkaguzi akiridhika anaweka tiki ya kijani, na meseji inakwenda hapo hapo kwenye simu za viongozi wote, na tena kila siku saa tatu asubuhi. Asiporidhika anaweka alama nyekundu, na hakuna kinachobadilika. Meseji ya zamani inaendelea kutoka kama kawaida.

Niliwahi kumuuliza kwa nini iendelee. Akasema, “Mama, bora ya zamani iliyo nzima kuliko mpya iliyovunjika.” Nilikubali, na siku nyingi bado nakubali.

Aliniambia pia nibadilishe saa tu, nisiguse kingine. Nimelitafuta neno hilo kwenye daftari langu. Lipo, na nimelipigia mstari chini.

Asubuhi hiyo kiongozi wa duara la Bondeni aliingia ofisini, kofia ya tochi bado kichwani, akanisalimia kwa Kisukuma na kuniita mayu, yaani mama.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, baba. Za Bondeni?”

“Jiwe limegoma. Sasa fundi wa baruti anataka tulipue leo saa saba mchana, jioni ana kazi upande mwingine. Karatasi yake hii. Mwenyekiti nimempigia yuko njiani Geita, kasema nipitishie kwako, akiwa na neno atakwambia. Ingiza kwenye meseji, Mkuyuni wasije wakabaki chini.”

“Dakika moja tu.”

“Dakika yako au ya kwenye saa?”

Nikacheka. Akaenda zake.

Lazima nieleze habari ya Mkuyuni. Maduara hayo mawili yametobozana huko chini. Njia zao zimekutana, mtu wa Bondeni akikohoa wa Mkuyuni anamsikia. Siku zote Bondeni hulipua saa kumi jioni, na Mkuyuni hushuka baada ya meseji ya saa tatu wakiwa na chakula chao, wakapanda kabla ya saa kumi. Kwa hiyo saa saba mchana maana yake ni watu kumi na mmoja wako chini wanakula.

Nikafungua faili. Nikafuta saa kumi, nikaandika saa saba. Nilitakiwa niishie hapo. Lakini macho yangu yakaona mistari ilivyokaa: mwingine umeanzia pembeni, mwingine umeingia ndani kidogo, mwingine umeingia zaidi. Mimi nilifundishwa na mwalimu wa darasa la tatu kwamba mstari unaanzia kwenye pambizo, kwenye ule mstari mwekundu wa daftari, na anayeanzia pengine ni mchafu. Alikuwa anapita na rula. Miaka yote nimeandika hivyo, na vitabu vya chama ukivifungua utaona vimenyooka. Nikasema moyoni, huyu binti ana akili lakini mwandiko wake hovyo. Nikairudisha mistari yote pembeni, mmoja mmoja, karibu arobaini. Ikawa safi. Nakumbuka niliegemea kiti nikaitazama.

Nikatuma. Ikaja nyekundu.

Chini ya ile alama kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Nilichoweza kukitambua ni namba: mstari wa kumi na nne. Nikauhesabu kwa ncha ya penseli juu ya kioo. Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa duara jingine kabisa, sikuwa nimelibadilishia chochote, na kwa macho yangu haukuwa na tatizo. Nikaufuta, nikauandika upya vile vile ulivyokuwa. Nyekundu. Nikaondoa nukta mbili zilizokuwa katikati. Nyekundu, ila sasa ikalalamikia mstari wa kumi na tano. Nikazirudisha. Ikarudi kumi na nne. Kila mara mkaguzi huzunguka kama dakika tatu, kile kiduara cha njano kinazunguka na mimi nakitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari akisoma cheti.

Kwenye jaribio la nne au la tano, sina uhakika, simu yangu ikalia mezani. Ilikuwa saa tatu kamili. Meseji ya chama: Bondeni, saa kumi jioni.

Hiyo meseji ilikuwa imeingia kwa watu wote, na wote wangeiamini, kwa sababu tuliwafundisha kuiamini.

Nikampigia binti. Ikapokelewa na sauti ya mtu mzima.

“Haloo, nani?”

“Shikamoo mama. Mimi karani, wa Runzewe, wa meseji za wachimbaji.”

“Marahaba. Mwanangu yuko ndani, tuko hospitali hapa Mwanza. Ameingia leba alfajiri.”

“Mungu wangu. Anaendeleaje?”

“Anapiga kelele, ndiyo kuendelea kwenyewe. Una shida? Nikampe ujumbe kupitia nesi?”

Nilitaka kusema ndiyo. Sentensi ilikuwa mdomoni. Lakini ningemwambia nesi amuulize nini mwanamke aliye kwenye uchungu? Kwamba mkaguzi amekataa mstari wa kumi na nne?

“Hapana mama. Mwambie tunamwombea.”

“Haya, asante. Kazi njema.”

Mwenyekiti simu yake ilikuwa haipatikani. Kiongozi wa Bondeni, haipatikani. Alikuwa ameshuka. Nikavuka barabara kwa kijana wa steshenari, ambaye kazi yake ni kuchapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi, na ndiye mtu wa kompyuta kuliko wote ninaowafahamu. Akaja na kikombe chake cha uji.

“Mama, hii ina virusi,” alisema kabla hajakaa.

“Mkaguzi?”

“Kompyuta. Kompyuta za ofisi zote zina virusi.” Kisha akasogea, akasoma yale maneno taratibu, midomo ikichezacheza. “Ngoja. Nadhani haya mambo yanatakiwa yaingie ndani. Haiwezi yote ikawa foleni moja. Ilikuwaje mwanzo?”

“Ilikuwa imepindapinda. Nikainyoosha.”

Akanitazama. “Umeinyoosha wewe?”

“Ilikuwa chafu.”

“Eh, mama! Umemnyoa simba ndevu.”

Tukaanza kuirudisha. Mimi nakumbuka kwa kichwa ilivyokuwa, yeye anasukuma mstari kwa kile kitufe cha pembeni kinachorusha maandishi mbali kwa mara moja. Ilipokaa nilifurahi, nikaona kama sura ya zamani imerudi. Tukatuma. Nyekundu, na safari hii inalalamikia mstari wa tatu, maneno mapya kabisa. Tukasukuma tena. Nyekundu.

“Basi,” akasema, akichukua kikombe chake. “Hapa ndipo elimu yangu inapoishia.”

Sitaki mtu amcheke. Baadaye nimejua kwamba alikuwa amepatia zaidi ya nusu. Mistari ilikuwa inatakiwa iingie ndani kweli. Kosa lake lilikuwa kile kitufe cha kurusha tu, mkaguzi hakitaki, anataka nafasi zipigwe moja moja kwa kitufe kirefu cha chini. Kwa macho havina tofauti. Mimi ningekaa mwaka mzima nisijue.

Ilikuwa imekaribia saa tano na nusu. Nikampigia kiongozi wa Mkuyuni, ambaye hubaki juu mdomoni mwa shimo. Nikamweleza yote, nadhani kwa kupaniki.

“Nakusikia, mayu,” akasema. “Lakini hii ni sauti.”

“Ni sauti yangu! Unanijua!”

“Nakujua sana. Na meseji iko hapa mkononi inasema saa kumi.”

Nikachukua bodaboda. Ni mwendo wa nusu saa hivi, na vumbi la malori ya mawe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilifika nimebeba karatasi ya fundi wa baruti kama silaha.

Mkuyuni walikuwa wamefunga turubai juu ya shimo, winchi imesimama, kamba imezama ndani. Kiongozi wao ni mtu mzima, mpole, hajawahi kunivunjia heshima. Akanipa ndoo iliyogeuzwa nikae.

“Watoe watu, baba,” nilisema. “Karatasi hii hapa.”

Akaisoma mbele na nyuma. “Hii ni ya Bondeni na fundi wao. Siku ile waliyotuibia, yule mtu naye alikuwa na karatasi.”

“Mimi ni mwizi?”

“Sijasema hivyo, mayu, usinipe kesi. Wewe si mwizi. Lakini leo nikitoa watu kwa mdomo wako kwa sababu wewe ni wewe, kesho nitawatoa kwa mdomo wa nani? Kitabu cha kikao nani aliandika?”

Mtu wa winchi akadakia, “Aliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Umenyooka!”

Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kulia. Kilichoniuma ni kwamba sikuona alipokosea. Ningekuwa mimi nimeketi hapo, na kumi na mmoja wangu chini na mawe yao chini, ningesema hivyo hivyo. Nikatazama ile kamba inavyoingia gizani, nikawaza kupiga kelele shimoni mimi mwenyewe. Sikupiga. Nilifikiri wataniona kichaa. Hilo nalo naliandika kwa sababu ni kweli: zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini na mimi nilikuwa nafikiria nitakavyoonekana.

Watu wameniuliza kwa nini sikuanzia Bondeni, nikazuie baruti yenyewe. Sijui. Nadhani niliona kutoa watu ni jambo jepesi kuliko kuzuia fundi. Nikanyanyuka pale nikaenda Bondeni kwa miguu, ni karibu, na kila hatua nilisikiliza chini kama nitahisi mtikisiko.

Nilikuta wanagombana. Fundi wa baruti amesimama na sanduku lake miguuni, kiongozi wa Bondeni amekaa juu ya jiwe na simu mkononi.

“Huyo hapo!” kiongozi akasema aliponiona. “Muulize mwenyewe.”

“Mama,” fundi akaniambia, “mimi nimesaini saa saba. Huyu bwana ananikatalia nisitie baruti. Kisa simu.”

“Nimekukatalia kwa sababu meseji imesema saa kumi,” kiongozi akajibu. “Nilimpelekea karani karatasi asubuhi ili meseji ibadilike. Saa tatu imekuja vile vile. Nikajua mwenyekiti kakataa. Mtu akishakataliwa aende akalipue? Ili wanifungie duara?”

Nilikaa chini kwenye kifusi. Nikasema, “Mwenyekiti hakukataa. Ni mimi. Niliharibu faili.”

Mwanaapolo mmoja, mchimbaji wa pale, akasema, “Kwa hiyo tumekosa kazi kwa sababu ya faili?”

“Ndiyo.”

“Hii roboti yenu ikilala na sisi tunalala.”

“Samahani,” nikasema.

“Haya, sasa umethibitisha ni saa saba,” fundi akasema. “Nianze?”

“Hapana!” nadhani nilipiga kelele. “Wale wako chini!”

Fundi akatikisa kichwa, akafunga sanduku lake kwenye pikipiki, akaondoka kwenda kwenye kazi yake ya jioni. Alisema atarudi akipata nafasi. Vijana wa Bondeni walibaki na jiwe lao, na maneno waliyoniambia sikuyapenda, ila yalikuwa haki yao. Huko chini Mkuyuni walikula chakula chao, wakafanya kazi, wakapanda jioni bila kujua lolote.

Nilirudi mjini nikiwa sijui nishukuru au nisishukuru. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini sikuona popote ambapo nilisaidia. Kilichowaokoa ni lile kosa lenyewe, kwa kuwa lilikosea kwa wote sawasawa, na heshima ya mtu mmoja aliyedhani amekataliwa. Angekuwa mkaidi kidogo tu, nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Sikuligusa faili tena. Meseji ya saa kumi iliendelea kutoka kila asubuhi, nayo sasa ilikuwa ya kweli, kwa kuwa Bondeni walirudi kwenye saa yao ya kawaida.

Siku ya tatu, kama saa tatu na nusu asubuhi, binti akanipigia mwenyewe. Amejifungua mtoto wa kike, sauti yake imechoka.

“Mama, nimeambiwa ulipiga. Mkaguzi amekataa?”

“Amekataa mwanangu, lakini pumzika kwanza.”

“Niambie tu. Ulinyoosha mistari?”

“Nani amekwambia?”

“Hakuna. Kila mtu hunyoosha.” Akaanza kucheka, akajizuia. “Usinichekeshe mama, nina nyuzi.”

Akanielekeza huku mtoto akilia karibu na simu. Jina la duara ni kama mlango wa nyumba. Vitu vyake vyote vinakaa ndani ya mlango, nafasi mbili zaidi, na nafasi hupigwa kwa kitufe kirefu, moja, mbili. Nisirushe. Mkaguzi akitaja mstari fulani, nitazame na ile ya juu yake, kwa kuwa yeye husimama pale anaposhindwa kuelewa, si lazima pale palipoharibika. Nilitamani ningelijua hilo siku ile. Nikamwambia alale, nikaanza. Nilipiga nafasi moja moja kama mtu anayepanda choroko, mistari yote karibu arobaini. Nikatuma. Kiduara cha njano kikazunguka, kikazunguka.

Kijani.

Nilisimama nikapiga kofi peke yangu ofisini. Sijui nilikuwa namshangilia nani.

Ndipo simu yangu ikalia mezani. Meseji ya chama: Bondeni, saa saba mchana.

Ile saa saba nilikuwa sijaiondoa. Siku tatu ilikuwa imekaa mle ndani ya faili ikisubiri tiki, na sasa imetoka, kwa viongozi wote, na hakuna fundi, hakuna baruti, hakuna chochote saa saba. Kabla sijakaa, simu ikaita. Bondeni.

“Mayu! Kumbe tunalipua saa saba leo? Fundi yuko wapi?”

“Ni makosa, baba. Ni ya juzi. Msifanye kitu.”

Akacheka hadi akakohoa. Nilipokata, ikaita nyingine. Mkuyuni.

“Meseji imefika, mayu. Nimeshapiga kengele. Wanapanda sasa hivi, wa kwanza huyu hapa juu.”

“Baba, hakuna kulipua saa saba leo. Nakwambia mimi. Waache waendelee na kazi.”

“Hiyo ni sauti,” akasema kwa upole ule ule.

“Nairekebisha sasa hivi. Dakika chache.”

“Sisi tuko nje.”

Nikafungua faili. Nikaweka simu mezani bila kuikata, nikafuta saa saba, nikaandika saa kumi, nikaondoa mkono kama niliyeguswa na moto nisije nikaharibu kingine. Nikahesabu nafasi mbele ya mstari ule mara tatu. Nilikuwa nasikia kwenye simu watu wakitoka shimoni mmoja mmoja, wanapiga chafya, wanauliza kuna nini, mmoja anatukana kwa Kisukuma kwamba ndiyo kwanza alikuwa amepata jiwe. Kiongozi akawa anawahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mmoja akarudi kwangu.

“Wamekamilika,” akasema. “Usiharakishe, mayu. Turubai lipo, tumekaa kivulini.”

Nikatuma. Mtandao ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Kile kiduara cha njano kikaanza kuzunguka, nami nikakaa nakitazama, na wao kule wamekaa wananisubiri.